Uzi: Kufunga uvuvi kwa muda, tunahesabu miezi na kuisahau siku ya kufungua

#1 Mtoa mada

Wanajamvi, salaam.

Kila inapotangazwa kwamba uvuvi wa samaki fulani umefungwa kwa muda kwa sababu wamevuliwa kupita kiasi, mjadala huishia kwenye hesabu ya miezi. Wapo wanaosema mitatu ni mingi mno, na wapo wanaosema hata sita haitoshi. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona hesabu hiyo peke yake haitufikishi popote. Miezi mitatu kwa pweza ni sehemu kubwa ya umri wake, ilhali kwa samaki anayeanza kutaga akiwa na miaka sita ni usingizi wa mchana. Na hata pale muda ulipochaguliwa vizuri, kinachoamua kama samaki watabaki majini, kwa jinsi ninavyoisoma mifano iliyopo, ni siku ya kufungua na wiki mbili tatu zinazoifuata.

Nianze na pweza, kwa kuwa habari yake inaonekana kwa macho. Pweza wa miambani anayevuliwa katika Bahari ya Hindi haishi sana kupita mwaka mmoja au mmoja na nusu. Jike hutaga mara moja tu maishani: hujifungia pangoni, hutundika mayai darini kama vishada, huyapulizia maji usiku na mchana bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa kiumbe wa namna hii, kuupumzisha mwamba kwa miezi miwili au mitatu kunatosha kuwafanya waliokuwa wadogo wawe wazito, na baadhi ya majike wawahi kutaga. Huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji walilijaribu jambo hili mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2004, wakafunga sehemu moja ya mwamba na kuziacha nyingine wazi ili watu waendelee kupata riziki. Utafiti uliofuatilia ufungaji 36 wa aina hiyo katika eneo lile ulionyesha kwamba katika siku 30 baada ya kufungua, uzito wa pweza waliotolewa kwenye maeneo hayo uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 ukilinganishwa na siku 30 kabla ya kufunga.

Wengi huishia hapo, wakapiga makofi. Lakini itazameni siku yenyewe. Ufunguzi hupangwa uangukie maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi kwa saa chache. Wanaoingia si wale tu waliovumilia miezi yote. Hata wa vijiji vya jirani, ambao hawakuacha kuvua siku moja, huja na mikuki yao. Kila pango huchokolewa, na maji yanapoanza kujaa, sehemu kubwa ya faida ya ule mwezi mzima imeshatoka ndani ya asubuhi chache. Hiyo asilimia 700 ni ya mwezi wa kwanza, na anayeitaja bila kutaja mwezi wa tatu anatupa nusu ya hadithi.

Mfano wa pili uko upande wa pili kabisa wa mizani. Katika bahari ya mashariki mwa Kanada kuna samaki wa maji baridi aitwaye cod (nikiliandika jina lake kwa sauti ya Kiswahili mtadhani nazungumzia kodi ya mapato, kwa hiyo naliacha lilivyo). Mwaka 1968 zilivuliwa zaidi ya tani 800,000 za samaki huyu kutoka kundi moja la kaskazini, meli nyingi zikiwa za nchi za mbali. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Newfoundland, alitangaza kusitishwa kwa uvuvi huo kwa miaka miwili. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Ile miaka miwili ikawa 32: mwisho wa katazo ulitangazwa Juni 2024, kwa mgawo (yaani kiasi kinachoruhusiwa kuvuliwa) wa tani 18,000. Neno «kwa muda» lilikuwamo kwenye tangazo la mwanzo, na aliyelisikia akiwa kijana wa miaka ishirini aliliona likitimia akiwa na hamsini na kitu.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, ingawa hautajwi sana. Katika Ghuba ya Chesapeake, Marekani, kuna samaki mwenye milia ambaye hupanda mitoni kutaga. Alipopungua vibaya, jimbo la Maryland lilipiga marufuku uvuvi wake kuanzia Januari 1985, na tarehe ya kufungua haikuandikwa. Kizazi cha mwaka 1982 kilikuwa kimetoka vizuri kuliko vya jirani zake, basi lengo likawa kukilinda mpaka asilimia 95 ya majike yake yapate nafasi ya kutaga japo mara moja. Kipimo cha kufungua kilikuwa vifaranga: kila kiangazi watafiti huvuta juya dogo kwenye fukwe zilezile, huhesabu samaki waliozaliwa mwaka huo, na wastani wa miaka mitatu mfululizo ulitakiwa ufike 8 kwa mvuto mmoja. Ulifika mwaka 1989. Uvuvi ukafunguliwa mwaka 1990 kwa mgawo mdogo, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba samaki huyo amerejea.

Swali langu kwenu ni hili: kwa nini matangazo mengi tunayoyaona hufanana na lile la Kanada, yakiwa na tarehe isiyo na sababu, na machache mno yanafanana na lile la Maryland?

#2 Baharia wa Zamani

Mtoa mada, nimekusoma hadi mwisho, na hoja ya siku ya kufungua nakubaliana nayo. Ila umeitazama ukiwa umesimama juu ya mwamba. Mimi nilikuwa baharia kwenye boti za nyavu kwa miaka tisa, kwa hiyo naomba niieleze kutokea ndani ya boti.

Uvuvi unapofungwa, mashine hupumzika lakini deni halipumziki. Tajiri anayenunua samaki ndiye huyohuyo anayekopesha mafuta, barafu na nyavu, na katika miezi ya kufungwa ndiye anayekopesha unga na ada ya watoto. Haandiki riba kwenye daftari. Anaandika samaki, kwa bei anayoipanga mwenyewe kabla samaki hawajavuliwa. Kwa hiyo siku ya kufungua mvuvi hatoki kutafuta chakula cha kesho. Anatoka kulipa miezi mitatu iliyopita.

Nakumbuka ufunguzi mmoja uliowekwa saa sita kamili usiku. Ilipofika saa sita na nusu tulikuwa tumeshamwaga nyavu, na taa za boti nyingine zimetuzunguka kama mji. Mvuo wa kwanza ulikuwa mzito mpaka winchi, ile mashine ya kuvutia nyavu, ikalia. Alfajiri ngama, yaani tumbo la boti, ilikuwa imejaa, tukaendelea kupanga samaki sitahani bila barafu, tukawafunika kwa maturubai yaliyoloweshwa. Tulipofika bandarini tulikuta foleni ya boti zilizojaa kama yetu, barafu imekwisha, na tajiri anachagua kama mtu anayechambua mchele. Wa chini walikuwa wameanza kulainika tumbo. Wadogo walirudishwa baharini wakiwa wameshakufa, na nahodha wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama akiwatazama wanavyoelea bila kusema neno. Deni lilipungua kidogo sana, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka siku hiyohiyo. Usiku ule tukatoka tena.

Mnauita ulafi. Kwangu mimi ulikuwa daftari.

Jambo la pili, kwa heshima zote: huyo samaki wako mwenye milia, tathmini iliyotoka mwaka 2019 ilimrudisha kwenye kundi la waliovuliwa kupita kiasi. Usimalizie hadithi mwaka 1995.

#3 Mtoa mada

Mkuu Baharia, nakiri kosa la kuikata hadithi pale iliponifaa. Ni kweli, tathmini ya 2019 ilimkuta chini ya kiwango tena, safari hii wavuvi wa burudani wakiwa na sehemu kubwa ya mavuno. Nitajitetea kidogo tu kwa kusema kwamba kufunga kuliwarudisha samaki, na kilichowapunguza tena ni namna walivyovuliwa katika miaka iliyofuata, jambo ambalo kwa kweli linaipa nguvu hoja niliyoanza nayo.

Hilo la daftari sikuwa nimelifikiria kwa uzito ulioupa. Nilikuwa nikidhani kishindo cha siku ya kwanza ni suala la tamaa na ushindani, kwamba usipomchukua wewe atamchukua mwenzako. Kumbe kufunga kwenyewe, kama hakukuambatana na msaada, kunazaa deni, na deni hilo ndilo linaloisukuma boti usiku wa kufungua. Maana yake ni kwamba tangazo la kufunga linaweza kuwa linaandaa madhara yatakayotokea siku ya mwisho wake.

#4 Msomaji Kimya

Naomba kuuliza swali la mtu asiyejua bahari. Kama tatizo ni boti kuwa nyingi, kwa nini zisipunguzwe boti, uvuvi ukaendelea mwaka mzima?

#5 Mtoa mada

Ndugu, swali lako si la mtu asiyejua, kwa kuwa ndilo wataalamu wengi wanalolirudia.

China imekuwa ikifunga uvuvi wa kiangazi tangu mwaka 1995 katika bahari zake za mashariki, na tangu mwaka 1999 katika Bahari ya China Kusini. Siku hizi sehemu kubwa ya ufungaji huo huanza tarehe 1 Mei, na katika maeneo kadhaa huisha saa sita mchana ya tarehe 16 Agosti, saa ambayo maelfu ya boti hutoka bandarini kwa pamoja. Samaki waliopata miezi mitatu na nusu ya kukua hukutana na mashine zilezile, nyavu zilezile na watu walewale, wote wakiwa wamepumzika na kufanya matengenezo. Ufungaji wa msimu hupunguza siku za kuvua. Uwezo wa kuvua haupungui hata kidogo. Ndiyo maana kwa Mto Yangtze nchi hiyohiyo iliamua jambo zito zaidi: kuanzia tarehe 1 Januari 2021 uvuvi ulipigwa marufuku kwa miaka kumi, na boti zaidi ya 100,000 zikaondolewa kwa fidia, pamoja na wavuvi zaidi ya 200,000 waliotakiwa kutafuta kazi nyingine. Hata hivyo kwa kiumbe mmoja hatua ilichelewa. Yule samaki mkubwa wa mto huo mwenye pua ndefu kama kasia alitangazwa rasmi mwaka 2022 kuwa ametoweka duniani.

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo huhitaji kupunguza boti hata moja ili kufunga kwa muda mfupi kuwe na maana kubwa, nayo ni pale samaki wanapokusanyika kutaga. Chewa wa Nassau, katika visiwa vya Karibi, huishi peke yake mwaka mzima, kila mmoja na jabali lake. Kisha mwezi unapokuwa mpevu katika majira ya baridi, wote huogelea hadi ncha moja ya mwamba, maelfu kwa maelfu, na jua linapotua huchupa juu kwa makundi wakitoa mayai na manii hadi maji yanageuka maziwa. Mvuvi anayepajua mahali hapo hahitaji ujuzi mwingine. Katika kisiwa cha Little Cayman mkusanyiko kama huo uligunduliwa na wavuvi mwaka 2001, na kati ya chewa wapatao 7,000, takriban 4,000 walitolewa katika misimu miwili. Serikali ilizuia kuvua hapo mwaka 2003, na baada ya miaka kama kumi na tano kundi lilikuwa limeongezeka zaidi ya mara tatu. Hapa ungeweza kuvua miezi mingi ya mwaka bila kuleta madhara yanayolingana na jioni chache za mwezi mpevu.

#6 Mpenda Takwimu

Ningependa kuongeza kisa kimoja ambacho naona kinatibua fikra zetu sote, maana tumekuwa tukizungumza kana kwamba kufunga, hata kama hakusaidii sana, hakuwezi kudhuru.

Nchini Peru huvuliwa dagaa wa anchoveta, na huo ndio miongoni mwa uvuvi mkubwa kuliko wote duniani wa samaki wa aina moja. Kuna mgawo wa kila meli tangu mwaka 2009, ambao mwenzako hawezi kuuvua, kwa hiyo zile mbio za siku ya kwanza zilipungua sana. Lakini kuna kanuni nyingine: meli zikikuta samaki wachanga wengi mahali fulani, mamlaka hupafunga mahali hapo kwa siku chache ili wachanga wapite. Kanuni ina mantiki, sivyo? Mchumi aitwaye Gabriel Englander alipofuatilia safari za meli na mavuno yao, alikuta kwamba ufungaji huo uliongeza uvuvi wa samaki wachanga kwa karibu nusu.

Sababu ni rahisi ukishaambiwa. Kumtafuta anchoveta kunakula mafuta na muda, na nahodha hajui kundi liko wapi. Mamlaka inapotangaza kwamba mraba fulani umefungwa kwa kuwa umejaa samaki, imeshawaambia manahodha wote bila malipo mahali samaki walipo. Meli huenda kupanga foleni pembezoni mwa mraba huo, au husubiri siku zile chache zipite, kisha huingia. Wachanga hawakai ndani ya mistari iliyochorwa kwenye ramani. Huogelea wakatoka, na nje wanasubiriwa.

Kwa hiyo kwa mtazamo wangu, tangazo la kufunga lina sura mbili: ni katazo, na ni habari. Anayeandika tangazo hufikiria ile ya kwanza tu.

#7 Mkausha Dagaa

Kaka zangu, nimewasoma, na nashukuru kwa elimu. Mmezungumzia boti, manahodha, tajiri, na samaki wanavyozaa. Mimi sijawahi kupanda boti, ila nimekausha na kuuza dagaa kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na katika uzi wote sijamwona mtu kama mimi.

Uvuvi ukifungwa, mvuvi anahesabiwa kuwa ameathirika kwa sababu ana leseni au chombo. Anayeanika, anayeparua magamba, anayebeba barafu, anayeshona nyavu, anayekaanga samaki pembeni ya mwalo, huyo hana karatasi inayosema yeye ni nani. Mwaka mmoja ulipoletwa msaada wakati wa kufungwa, orodha ilitengenezwa kutoka kwenye daftari la usajili wa vyombo. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba jina langu haliwezi kuwapo kwa sababu mimi si mvuvi. Siku hiyohiyo vichanja vyangu vilikuwa tupu kwa wiki ya sita. Paka walikuwa wamevigeuza kitanda.

Nasema haya bila kupinga kufunga. Dagaa tuliokuwa tukiletewa miaka ya karibuni walikuwa wadogo mno, ukiwaanika wanapita kwenye matundu ya wavu wa kichanja na kuanguka mchangani. Najua kuna tatizo kabla ya mtaalamu yeyote kuniambia.

#8 Mtoa mada

Dada Mkausha Dagaa, umetupa jambo ambalo hata mifano mizuri inayosifiwa hailitatui. Bangladesh, kwa mfano, hufunga uvuvi wa hilsa kwa siku 22 kila mwaka, kwa kawaida mwezi Oktoba, samaki wanapopanda kutaga, na kaya za wavuvi waliosajiliwa hupewa mchele kilo 25 kwa siku hizo. Pamoja na hatua nyingine za kuwalinda hilsa wachanga, mavuno yaliyokuwa chini ya tani 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalivuka tani 500,000 kufikia msimu wa 2017–18. Ni mafanikio makubwa. Lakini angalieni neno «waliosajiliwa», na angalieni pia kwamba mchele haufuti deni kwenye daftari la tajiri wa mkuu Baharia. Kilo 25 zinashibisha. Hazilipi mkopo wa nyavu.

#9 Jirani wa Mpakani

Naomba nichangie upande wa mipaka, kwa sababu samaki hawana pasi ya kusafiria.

Bangladesh hiyohiyo ilikuwa na ufungaji mwingine wa siku 65 baharini, kuanzia tarehe 20 Mei hadi 23 Julai, wakati India, upande wake wa mashariki, hufunga kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 14 Juni. Kwa hiyo kulikuwa na wiki kadhaa ambazo boti za upande mmoja zilikuwa zimefungwa bandarini na za upande wa pili ziko kazini katika Ghuba ileile ya Bengal. Wavuvi wa Bangladesh walilalamika kwa miaka mingi kwamba wao wanakaa njaa ili wenzao wavue. Mwaka 2025 serikali yao ilibadilisha muda ukawa siku 58, kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 11 Juni, ili ulingane na wa jirani. Siku zilipungua, na nadhani samaki walipata ulinzi zaidi, maana siku chache zinazoheshimiwa na pande zote ni bora kuliko nyingi zinazomnufaisha mwingine.

Ziwa Tanganyika ni hivyohivyo. Linapakana na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa na migebuka wake huzunguka katika maji ya wazi bila kuuliza ni ya nani. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti kwa msingi wa makubaliano ya nchi zote nne. Bila makubaliano hayo, nchi moja kufunga peke yake ni sawa na kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango minne.

#10 Msomaji Kimya

Narudi tena na swali. Je, ikitokea mmefunga, mmesubiri, mmewalipa watu, majirani wamekubali, na samaki wasirudi?

#11 Mpenda Takwimu

Hutokea, ndugu. Katika Bahari ya Bering, upande wa Alaska, uvuvi wa kaa wa theluji ulifungwa mwezi Oktoba 2022 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Zaidi ya kaa bilioni kumi walikuwa wametoweka tangu mwaka 2018. Kisheria waliandikwa kuwa wamevuliwa kupita kiasi, kwa sababu sheria hupima waliobaki na haiulizi nani aliwaondoa; lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba maji yalipopata joto lisilo la kawaida, miili ya kaa hao ilihitaji chakula kingi zaidi wakati wamebanana katika eneo dogo, na inaelekea wengi walikufa kwa njaa. Uvuvi ulifunguliwa tena kwa mgawo mdogo katika msimu wa 2024–25. Kufunga hakupozi maji. Kinachofanya ni kuwapa waliosalia nafasi, basi.

Kuna jambo jingine linalochelewesha jibu. Samaki wa makundi, kama heringi wa Bahari ya Kaskazini, huendelea kukusanyika hata wakiwa wamebaki wachache, kwa hiyo meli yenye nyavu za kuzungusha na chombo cha kusikiliza chini ya maji itapata mvuo mzuri hadi siku ya mwisho kabisa. Uvuvi wa heringi hao ulifungwa mwaka 1977, na ulifunguliwa kwa awamu, kusini mwaka 1981 na kwingine mwaka 1983. Kufikia mwaka 1996 walikuwa wamepungua tena, lakini safari hii mgawo ulikatwa nusu katikati ya mwaka, bila kusubiri msimu uishe, na wakapona bila kufungwa kabisa. Ndiyo maana siku ya kufungua mvuo mzito haupaswi kumshawishi mtu yeyote kwamba kazi imekwisha; mkuu Baharia alisikia winchi ikilia, na winchi hiyo haikuwa na habari yoyote ya kundi zima.

#12 Baharia wa Zamani

Kweli kabisa, winchi haijui kuhesabu.

Basi mtoa mada, umetuchambulia makosa ya wengine vya kutosha. Tuandikie tangazo lenyewe, kama wewe ndiye mwenye mamlaka. Liwe la aya moja, na liwe la kusomeka mwaloni.

#13 Mtoa mada

Nitajaribu, na mnikosoe bila kunionea haya.

«Uvuvi wa samaki huyu umefungwa kwa vyombo vyote, vikubwa na vidogo, katika eneo lote wanalotagia, na nchi jirani imefunga siku hiyohiyo. Utafunguliwa wakati hesabu ya vifaranga kwenye vituo vilivyotajwa itakapofika kiwango kilichobandikwa hapa kwa wastani wa misimu mitatu, na matokeo ya kila msimu yatasomwa hadharani hapa mwaloni, yawe mazuri au mabaya. Kila chombo kitapewa mgawo wake kabla ya siku ya kufungua, na mgawo huo hauishi hata ukicheleweshwa, ili asiwepo wa kukimbilia usiku wa kwanza. Mkopo wowote uliotolewa katika miezi ya kufungwa hautalipwa kwa samaki wa siku 30 za mwanzo.»

Hicho kipengele cha mwisho najua ni kigumu kukisimamia. Nimekiweka kwa sababu bila hicho vingine vyote vitaliwa na daftari.

#14 Mkausha Dagaa

Ongeza kwamba orodha ya watakaosaidiwa iandikwe hapohapo mwaloni, mbele ya watu, kabla ya siku ya kufunga, na iwataje wanaoanika na wanaobeba. Ikiandikwa ofisini tutakosekana tena.

#15 Baharia wa Zamani

Nakubaliana na dada. Nami naongeza neno moja tu, mtoa mada: saa. Usifungue saa sita usiku. Fungua saa moja asubuhi, barafu ikiwa imeshafika na mpimaji wa samaki amesimama gatini na mizani yake.